Moto Juu ya Kifuniko

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya Ijumaa katika miaka iliyofuata vita vikuu vya pili, nikitembea nyuma ya bibi yangu katika njia nyembamba ya kuelekea Keroka, nimebeba kapu la wimbi begani. Bibi alitangulia na bakora yake. Nilijua kwamba kabla ya jua kuchwa ningekuwa ama nina mchumba ama sina, na kwamba shauri hilo lingeamuliwa na sufuria moja ya matunda.

Maneno hayo yanachekesha leo. Siku ile hayakunichekesha hata kidogo. Basi keti, nikueleze kwa utaratibu. Nikisema niliona, ujue niliona. Nikisema niliambiwa, nitakutajia aliyeniambia.

Nilikuwa mwalimu kijana katika shule ndogo ya kijijini. Binti niliyetaka kumwoa aliitwa Kemunto, mtoto wa mkulima wa ndizi na wimbi upande wa pili wa bonde. Alikuwa amesoma shule ya wasichana ya misheni, na tulifahamiana katika kwaya ya kanisa. Baba yangu hakuwa mtu wa kanisa, lakini aliposikia habari za ukoo wa Kemunto aliridhika. Hata hivyo, kwetu Wagusii kuridhika kwa baba hakukutosha. Alihitajika mshenga, ambaye kwa lugha yetu huitwa esigani. Kazi yake haikuwa kupeleka posa tu. Alitumwa kupeleleza: je, ukoo huu una wezi? Una ugonjwa unaorithiwa? Kuna mtu anayetajwa kwa uchawi? Esigani akileta neno baya, ng'ombe hawatoki zizini, wala hakuna anayeuliza mara ya pili.

Desturi hiyo siidharau. Imewaokoa wengi na ndoa ambazo zingewaangamiza. Lakini yote inategemea jambo moja: kwamba esigani amekwenda mwenyewe na kutazama kwa macho yake.

Esigani wetu alikuwa Mzee Onchari, ndugu wa mbali wa baba, mtu mwema na mcheshi, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumuuma. Badala ya kupanda kilima hadi kwa kina Kemunto, aliketi sokoni Keroka akawauliza wapita njia. Alirudi jioni, akakaribishwa nyumbani kwa baba. Mimi nilikuwapo, nimeketi karibu na mlango, mahali pa kijana.

"Nyumba ni safi," alianza. "Ukoo ni safi. Ila binti."

"Binti ana nini?" baba akauliza.

"Ana chungu chake."

"Kila binti ana chungu, Onchari."

"Si kama hiki, mwenzangu. Kila Ijumaa, siku ya Waislamu, anapika kitu ambacho harufu yake inafika barabarani. Si nyama, si mboga. Na moto anauwasha juu ya chungu. Juu! Chini moto, juu moto, chungu katikati kama mtu aliyekamatwa. Dawa anayotia humo anapewa na mke wa yule Mwislamu mwenye duka, imefungwa katika kikaratasi. Na wanasema mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alipewa akala, akashindwa kuondoka. Alilala huko huko. Mtu mwenye mke na watoto!"

Uelewe, mwanangu, kwamba katika siku zile hakuna jambo lililowatisha wazazi wa kijana kama binti anayesemwa kwamba hufunga mume kwa chakula. Mwanamume aliyefungwa hivyo, watu walisema, husahau mama yake, husahau ardhi yake, akawa kama mgeni kwao.

"Mwanangu hatafungwa kama mbuzi," baba akasema hatimaye. "Tutafute kwingine." Hapo hapo akataja jina la binti wa jamaa mmoja wa upande wa Nyamira.

Sikuweza kufungua kinywa. Kuna haya ya heshima kati yetu na wazazi wetu, tunayoiita chinsoni, na kijana aliyelelewa vizuri hazungumzii mke mbele ya baba yake. Nilitazama sakafu.

Aliyesema ni bibi yangu Nyanchama, mama yake baba. Alikuwa nje akipepeta wimbi, na kumbe hakuna neno lililompita. Aliingia na ungo wake mkononi.

"Onchari, hicho chakula ulikila?"

"Mimi nile dawa, Mama?"

"Ulikiona?"

"Wanasema—"

"Sikukuuliza wanasema nini. Huo moto wa juu uliuona?"

"Mama, soko zima—"

"Na huyo mgeni aliyeshindwa kuondoka anaitwa nani? Ni wa ukoo gani?"

Mzee Onchari akakuna goti.

"Basi," bibi akasema, "mnamkataa mtoto wa watu kwa sababu ya chungu ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyekifunua." Kisha akamgeukia baba. "Usiwatoe ng'ombe, na usiwazuie. Ijumaa nitakwenda mimi. Huyu mume wangu atanibebea kapu."

Mume wake nilikuwa mimi. Bibi na mjukuu kwetu hutaniana watakavyo. Ile haya inayomfunga baba na mkwewe haiwafungi wao. Baba asingeweza kukaribia jiko la binti anayeposwa hata kama nyumba ingewaka moto. Bibi angeweza kuingia, akaketi, akatia kidole katika kila kitu.

"Na ukishindwa kuondoka, Mama?" Mzee Onchari aliuliza, nusu kwa mzaha.

"Mtaniletea blanketi langu."

Ndivyo ilivyokuwa hata tukajikuta njiani asubuhi ile.

Tulipofika, mama yake Kemunto alitoka nyumbani, akaniona, akageuka upesi akapotelea nyuma ya migomba, kama ilivyompasa mama mkwe mtarajiwa. Nami nikageuza uso. Baba yake alitupokea vizuri, akatuletea viti uwanjani. Bibi hakuzunguka.

"Nimesikia hapa kuna chakula kinachonukia hadi Keroka. Mimi ni mzee, sijui nimebakiwa na Ijumaa ngapi. Nimekuja kukiona."

Kemunto alikuwa amesimama mlangoni na kisu mkononi, akimenya mapera. Nilitambua usoni mwake kwamba maneno ya sokoni yalikuwa yamekwisha kumfikia.

"Nyanya, umekuja kula au umekuja kukagua?"

"Kukagua," bibi akajibu. "Kula kutategemea."

Kemunto alinitazama mara moja tu, na mtazamo ule sikuupenda. Kisha akaingia jikoni, akatoka na mafiga matatu moja baada ya jingine, akayapanga katikati ya uwanja mbele ya macho yetu sote.

"Nitapikia hapa," akasema. "Anayetaka kuona aone. Mkinikataa, mnikatae mkiwa mmeona."

Baba yake alitaka kumkemea kwa ukali wa maneno yale. Bibi akamzuia kwa bakora. "Mwache. Anasema kweli."

Kuanzia hapo sikubandua macho, na ninayokueleza niliyaona.

Alipasua mapera, akakwangua mbegu, akakata ndizi mbivu vipande vinene, akavipanga vyote katika sufuria aliyoipaka siagi. Akaparuza sukari guru juu yake, akakamulia limau. Kisha akafungua kile kikaratasi kilichozungumzwa soko zima. Bibi alisogeza kiti hadi magoti yake yakagusa sufuria.

"Haya ndiyo yenyewe," akasema. "Hiki nini?"

"Gome la mti, Nyanya. Mdalasini. Tafuna."

Bibi akatafuna, akakunja uso, akaukunjua. "Gome lina utamu. Na hivi vimisumari?"

"Karafuu. Ni maua machanga yaliyokaushwa. Bi Zuhura wa dukani anasema huko kwao pwani wanayalima kama sisi tunavyolima wimbi. Natia chache tu, tena nazisaga kwanza."

Bibi hakungoja kusikia neno chache. Alichukua konzi, akatupa mdomoni, akauma kwa nguvu. Mara akashika shavu. Machozi yakamtoka. Akatema chini, akainama, akabaki ameinama. Nilisimama. Nilimsikia baba yake Kemunto akinong'ona, "Tumekwisha." Nyuma ya migomba majani yalitikisika. Kemunto alikuwa ameganda, kikaratasi mkononi.

"Jino langu," bibi akasema.

"Nyanya?"

"Hili la nyuma. Limeninyima usingizi tangu msimu wa kupanda. Limenyamaza." Akajibonyeza shavu kwa kidole, kwa mashaka kwanza, kisha kwa furaha. "Mtoto wewe, una kitu hiki nyumbani na mimi nalia peke yangu kule ng'ambo?"

Kemunto akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekuwa amezuia pumzi. "Bi Zuhura huwapa watu wenye meno mabovu. Ila si konzi, Nyanya! Mdomo wote utakufa ganzi."

"Umekwisha kufa. Endelea."

Akaendelea. Alinyunyiza mdalasini na karafuu juu ya matunda, akachanganya unga wa ngano na unga wa wimbi, akatia siagi iliyosukwa kibuyuni na sukari kidogo, akaanza kuupikicha kwa ncha za vidole. Bibi alishindwa kuvumilia, akatia mkono wake, na papo hapo pakatokea donge.

"Toa mkono, Nyanya, unakanda! Huu si ugali. Ukiukanda unashikamana. Nataka uwe chenga, kila punje peke yake."

"Unanifukuza jikoni, nami nimekuja kukuchunguza?"

"Chunguza kwa macho."

Nilimtazama bibi, nikaona amefurahi. Hakuna aliyemsemesha hivyo tangu babu afariki.

Chenga zile zikamwagwa juu ya matunda bila kushindiliwa. Sufuria ikatelekwa juu ya makaa machache, ikafunikwa kwa kifuniko cha bati, na juu ya kifuniko Kemunto akapanga makaa mengine, mekundu, mengi kuliko ya chini.

"Huo ndio moto wa juu," bibi akasema. Sauti yake ilikuwa imerudia uzito. "Eleza."

"Matunda yanataka moto wa chini ili yalainike. Chenga zinataka wa juu ili zikauke zibadilike rangi. Kule shuleni tulikuwa na tanuri la chuma lenye moto pande zote. Hapa hatuna tanuri. Tuna kifuniko."

"Na kwa nini Ijumaa?"

"Kwa sababu kesho, Jumamosi, ni Sabato ya kanisa letu, nasi hatuwashi moto. Hiki kinaweza kulala. Kikiamka kesho ni kitamu kuliko leo."

Bibi akaitikia kwa kichwa polepole. Nilimwona akihesabu moyoni vipande vya ile habari ya Mzee Onchari, na kila kipande kikipata mahali pake pa kawaida: harufu, kikaratasi, moto, Ijumaa. Kilibaki kimoja: yule mgeni aliyeshindwa kuondoka.

Harufu ilianza kutoka kabla makaa hayajafifia. Kifuniko kilipoondolewa, chenga zilikuwa za rangi ya udongo mkavu, na pembeni mchuzi mzito wa mapera ulikuwa ukichemka na kupenya. Bibi akapewa sahani ya kwanza. Alikula kwa upande mmoja wa mdomo, maana mwingine ulikuwa haujaamka. Alipomaliza akasema, "Mpe mume wangu." Nikala. Ndizi zilikuwa zimelegea na mapera bado yana ukali kidogo. Wimbi lilikatika menoni. Na joto la vile viungo lilibaki kooni baada ya kumeza. Sikuwahi kula kitu kama kile, lakini kila kitu ndani yake nilikuwa nakijua.

"Sasa tuone," bibi akasema. Akasimama, akashika bakora, akatembea hadi langoni, akatoka, akaenda mpaka njiani. Sote tulimtazama. Akageuka, akarudi, akaketi.

"Nimeondoka. Mmeniona nyote? Nimerudi kwa miguu yangu mwenyewe, kwa ajili ya sahani ya pili."

Sahani ya pili ilikuwa bado mapajani mwake mvua iliponyesha. Unazijua mvua zetu za alasiri. Ilikuja na mawe, ikapiga migomba, ikatukimbiza sote barazani. Njia ikageuka kijito. Ilikuwa wazi kwamba kwa wakati ule hatuendi popote. Bibi akamgeukia baba yake Kemunto.

"Yule mfanyabiashara wa ng'ombe. Alikuja hapa wakati gani wa siku?"

"Mchana, Mama. Wakati kama huu. Mvua ikamfungia, na mto ukajaa. Wala hakulala kwangu; alilala kwa kaka yangu, nyumba ile pale chini. Kwa nini unauliza?"

Bibi alicheka hadi bakora ikamwanguka. Alijaribu kusema, akacheka tena, akajifuta macho kwa shuka. "Kwa hiyo nami nimeshindwa kuondoka! Kesho sokoni watasema, yule kikongwe wa ng'ambo naye amefungwa!"

Hata nyuma ya nyumba, ambako sikupaswa kutazama, nilisikia mama mkwe akicheka.

Mvua ilipopungua tukajiandaa kwenda. Kemunto alinifungia chakula katika jani la mgomba, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akasema chini chini, "na wewe uliyaamini?"

"Nilikuja kuona."

"Hilo ni jibu la kimwalimu." Lakini uso wake ulikuwa umefunguka. "Haya. Umeona."

Nyumbani tuliwakuta baba na Mzee Onchari wakitungoja. Bibi hakuketi. Alifungua lile jani mbele yao, akaeleza kila kitu tangu kisu cha mapera hadi mvua ya mawe, hakuongeza neno wala hakupunguza. Na kwa kuwa nilikuwapo, naweza kulithibitisha. Kisha akawaambia wale. Baba alikula akitazama pembeni, kama mtu anayefikiri jambo jingine, lakini aliendelea kula. Mzee Onchari alishika kipande kwa vidole viwili muda mrefu, akaonja, akaonja tena.

"Mimi nilileta maneno ya soko," akasema. "Nayaondoa. Juma lijalo nitapanda kilima mwenyewe, kwa magoti haya haya, nifanye kazi niliyotumwa."

"Panda," baba akasema. "Ukifika, waambie ng'ombe watakuja."

Niliomba ruhusa, nikatoka. Nilikwenda nyuma ya ghala, nikaketi juu ya majani yaliyolowa, nikavuta pumzi. Sijui kama unaijua hali ile, mwanangu, mwili unapogundua kwamba ulikuwa umekazwa siku nyingi, na sasa kila kiungo kinalegea kwa zamu yake. Nililia kidogo. Kisha nikasikia bibi akiuliza kwa sauti kubwa ni nani aliyemaliza kile kilichobaki kwenye jani, nikacheka peke yangu gizani.

Kemunto ndiye mke wangu. Tumezeeka pamoja. Nisingekuwa naye kama siku ile mtu mmoja asingeuliza swali jepesi ambalo wanaume wawili wazima hawakuliuliza.

Sasa sikiliza ninachotaka uchukue. Ukiletewa neno juu ya mtu, usianze kupima kama ni zuri au baya. Uliza kwanza aliyelileta alikuwa amesimama wapi alipoliona. Kama hakuliona, muulize nani aliliona, na yuko wapi. Mara nyingi utakuta kwamba hakuna mwongo yeyote katika safu nzima: harufu ilikuwapo kweli, moto ulikuwa juu kweli, mgeni alikwama kweli. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kwenda kutazama vipande hivyo vikiwa mahali pake. Kwa hiyo uende wewe. Nenda mchana, waziwazi, useme kilichokuleta, kama bibi alivyosema. Usijifiche kama mpelelezi katika nyumba ya watu. Na ukiwa wewe ndiye unayesemwa, usipoteze nguvu kuapa na kukana. Toa mafiga uwanjani, upike mbele yao. Huenda wakakukataa hata hivyo. Lakini watakukataa kwa sababu yao wenyewe, nawe utalala usingizi.

Kuhusu chakula chenyewe, usiniamini hata mimi. Mapera yenye ukali kidogo, ndizi zilizoiva sana, karafuu chache, unga upikichwe usikandwe, na makaa ya juu yazidi ya chini. Jaribu Ijumaa hii, na kikikuungulia, punguza makaa ujaribu tena.

Mungu akupe macho yasiyochoka na miguu itakayokufikisha penye kweli. Akupe watu watakaoshika njia kwa ajili yako siku jina lako litakapotajwa vibaya mahali usipokuwapo. Na siku utakapoketi na mwenzako mezani, mle kwa amani, mshibe, wala pasiwe na chochote kati yenu kinachohitaji kufunikwa.